Albamu ya platinamu: maana yake hasa ni nini

Ukisoma wasifu wa bendi yoyote kubwa ya roki hutakosa sentensi ya namna hii: albamu yao ya tatu ya studio ilipata platinamu mara nne. Wengi hupita hapo wakielewa kwamba albamu ilivuma, basi. Kuvuma kweli ilivuma, ila platinamu ni neno la wahasibu kabla ya kuwa la wasanii. Ni cheti kinachotolewa na chama cha kampuni za kurekodi muziki, na kinachohesabiwa humo ni nakala.

Kwanza tuiweke sawa hiyo albamu ya studio. Ni mkusanyo wa nyimbo mpya ambazo bendi imeziingiza studio kwa nia ya kuzitoa pamoja. Onyesho likirekodiwa jukwaani, hiyo ni albamu ya jukwaani. Nyimbo zilizokwisha kutamba zikikusanywa na kuuzwa upya, huo ni mkusanyiko. Mashabiki hubishana sana juu ya tofauti hizi, lakini cheti hakizijali. Albamu ya kwanza kabisa kupewa platinamu nchini Marekani, mwaka 1976, ilikuwa mkusanyiko wa nyimbo za zamani za bendi ya Eagles.

Huko Marekani vyeti hutolewa na chama kiitwacho RIAA. Kilianza na dhahabu mwaka 1958, na wakati huo kilichopimwa kilikuwa fedha: albamu iwe imeingiza dola milioni 1 kwa bei ya jumla. Miaka ya sabini santuri zilikuwa zikiuzwa kwa wingi kiasi kwamba dhahabu ilianza kuonekana ya kawaida, ndipo ikabuniwa ngazi ya juu zaidi. Leo hesabu ya albamu ni hivi: nakala 500,000 ni dhahabu, milioni 1 ni platinamu, na tangu 1999 milioni 10 ni almasi. Uingereza wana vipimo vyao, na platinamu ya huko ni nakala 300,000. Kwa hiyo mtu akikwambia albamu fulani ina platinamu, muulize ya wapi.

Kuna mambo mengine ambayo cheti hicho hakikwambii. Kwa muda mrefu kilichohesabiwa ni nakala zilizopelekwa madukani, wala si zile zilizofika nyumbani kwa wasikilizaji. Mwaka 1978 wanamuziki wanne wa bendi ya Kiss walitoa kila mmoja albamu yake, zote siku moja. Kampuni yao ikasambaza zaidi ya nakala milioni 1 za kila albamu, na zote nne zikapata platinamu. Kisha maduka yakaanza kurudisha mizigo. Baadaye RIAA iliweka muda wa kungoja kabla ya kuhesabu, ili zinazorudi zitolewe kwanza.

Tena cheti hakiji chenyewe. Kampuni ndiyo inayoomba, mahesabu yanakaguliwa, na ukaguzi unalipiwa. Ndiyo sababu utakuta maajabu kama ya *The Dark Side of the Moon* ya Pink Floyd. Ilitoka 1973, na kati ya mwaka huo na 1988 ilikaa kwenye chati ya albamu ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, kwa wiki 741. Muda wote huo kwenye vitabu vya RIAA ilikuwa na dhahabu tu, kwa kuwa platinamu ilipoanzishwa ilihusu albamu zilizotoka kuanzia 1976. Mwaka 1990 ndipo ikaandikwa rasmi, na ikarukia platinamu mara 11 kwa mkupuo. Bendi hiyo hiyo ina *The Wall*, albamu ya sahani mbili, ambapo kila sahani huhesabiwa peke yake. Platinamu zake 23 za mwaka 1999 ni seti milioni 11 na nusu. Mashabiki wanaozitumia tarakimu hizi kushindana nadhani huwa hawajaufikia ukurasa huo.

Tangu Februari 2016 usikilizaji wa mtandaoni nao umo katika hesabu ya albamu. Nyimbo za albamu zikisikilizwa mara 1,500, hiyo ni sawa na nakala moja iliyouzwa.

Lakini jambo linalofichwa kuliko yote na neno platinamu ni gharama. Chukua *Hysteria* ya Def Leppard, bendi ya Sheffield, Uingereza, iliyotoka Agosti 1987. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu kuitengeneza. Siku ya mwisho ya mwaka 1984 mpiga dramu wao, Rick Allen, alipoteza mkono wa kushoto katika ajali ya gari, akalazimika kujifunza upya kupiga kwa mkono mmoja na dramu za umeme zenye pedali za ziada. Prodyuza Mutt Lange naye hakuwa mtu wa kuridhika upesi: kuna sehemu ambapo gitaa lilirekodiwa noti moja moja kisha noti zikajengwa juu ya nyingine. Kila siku ya studio ina bili yake. Wanamuziki wenyewe wamesimulia kwamba ilibidi ziuzwe takriban nakala milioni 5 ndipo gharama zirudi.

Yaani wangeweza kupata platinamu tatu na bado wakawa na deni. Kwa kawaida ya mikataba ya kurekodi, fedha za studio ni mkopo, na kampuni hujikata kwanza kutoka kwenye mrabaha wa bendi, yaani fungu lake la mauzo. Mauzo ya Marekani yalianza kwa kusuasua, na albamu ilifika nambari 1 huko Julai 1988, karibu mwaka mzima baada ya kutoka, ikisukumwa na nyimbo zilizotolewa mojamoja. Hatimaye ilivuka nakala milioni 12 Marekani peke yake. Bendi nyingine zenye sahani ya platinamu ukutani hazikuwahi kufika upande wa pili wa deni.

Na hiyo sahani inayong'aa ndani ya fremu, kwa taarifa yako, haina platinamu ndani yake. Ni santuri iliyopakwa rangi ya madini, na watu waliowahi kuhesabu mistari inayotenganisha nyimbo juu yake wamekuta mara nyingine si hata albamu iliyoandikwa kwenye lebo.