Kabla ya Kuleta Lalamiko Tume, Tafuta Muhuri

Wengi wanaofika kwetu, ofisi ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora Dodoma, kulalamikia ofisi za umma, wakitokea Bahi, Chamwino au Kongwa, huja na bahasha ya kaki iliyolegea kwa kukunjwa. Ndani mna karatasi za miaka. Nikizipokea, kitu cha kwanza ninachotafuta ni muhuri wa masijala, yaani chumba cha ofisi kinachopokea barua na kutunza majalada, unaoonyesha barua ilipokelewa lini. Ukiwa nao, ofisi unayoilalamikia haiwezi kusema haijawahi kukusikia.

Tume hii imeundwa kwa Ibara ya 129 ya Katiba na Sheria Namba 7 ya mwaka 2001. Kabla yake kulikuwa na Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanzishwa 1966, miongoni mwa za mwanzo kabisa za aina yake Afrika. Ile ilikuwa ikipeleka taarifa zake kwa Rais. Ya sasa, mambo yakikwama, inaweza kwenda mahakamani.

Tuseme umelipia kiwanja Nkuhungu. Stakabadhi unayo, hati huipati, na siku moja unamkuta mtu mwingine anachimba msingi. Kila ukienda ofisini unaambiwa njoo wiki ijayo. Hapa mjini suala la viwanja lina mkia mrefu: CDA, mamlaka iliyokuwa ikiustawisha mji na kugawa viwanja, ilivunjwa 2017 na majukumu yake yakahamia halmashauri, kwa hiyo mwenye karatasi ya zamani lazima kwanza ajue jalada lake liko kwa nani.

Ukija, unaweza kueleza kwa mdomo au kwa maandishi, na hulipi chochote. Tunaanza kuangalia kama jambo lenyewe ni letu. Lililoko mahakamani hatuligusi, wala uhusiano wa Serikali na nchi nyingine, wala msamaha wa Rais. Likiwa letu, tunamwandikia mlalamikiwa atoe maelezo. Barua hiyo watu huidharau, lakini kuna mashauri yanayoishia hapo hapo: jalada lililokuwa "halionekani" linaonekana. Majibu yakija, mlalamikaji naye anapewa nafasi ya kuyasemea, maana hatuko upande wa mtu. Kuna wakati mtumishi alifuata utaratibu vizuri tu, ila hakuna aliyemweleza mwananchi.

Yasipoeleweka, Tume inaweza kuita mashahidi, kudai nyaraka, kwenda kwenye eneo lenyewe au kuwasuluhisha. Mwisho inatoa mapendekezo, na sheria inaitaka taasisi ieleze ndani ya muda usiozidi miezi mitatu imefanya nini.

Hapo ndipo watu hutuuliza kwa haki kabisa: mapendekezo tu? Wakaidi wapo. Wanakijiji wa Nyamuma, Serengeti, waliondolewa kwenye makazi yao 2001. Tume ikaona wanastahili kulipwa fidia, Serikali ikakataa, na shauri likafika hadi Mahakama ya Rufani. Sitamdanganya mtu kwamba njia hii ni fupi.

Kinachoirefusha zaidi, kwa maoni yangu, ni jinsi tunavyoandika. Barua ya kurasa saba inayoanzia enzi za babu, yenye nakala kwa ofisi kumi na moja, huzunguka sana. Kila ofisi inadhani mwenzake ndiye anayeishughulikia. Andika ukurasa mmoja: wewe ni nani, uliomba nini, lini, ulijibiwa nini, na unataka kifanyike nini. Ambatisha vivuli vya stakabadhi, nakala halisi ubaki nazo nyumbani. Aliye mahabusu au gerezani naye anaruhusiwa kutuandikia, na ndugu anaweza kuleta lalamiko kwa niaba ya asiyeweza kuja.

Na kama hujawahi kuiandikia ofisi yenyewe, anzia huko. Chapisha nakala mbili za barua hiyo hiyo. Moja iache dirishani, ya pili mpe mhudumu wa masijala aigonge muhuri na kuandika tarehe, nawe usiondoke mpaka wino ukauke.