Kwenu Ni Wapi, Mheshimiwa?

Mteja wangu akiwa mbunge wa jimbo, sianzi na mshahara. Namuuliza analala wapi. Mimi ni mhasibu wa kodi hapa Texas, na jibu la swali hilo ndilo linalobeba kiti chake, posho yake na kodi yake.

(Msomaji wa Tanzania, jimbo hapa ni Texas nzima, yenye bunge lake mjini Austin. Eneo linalomchagua mbunge mmoja nitaliita wilaya.)

Katiba ya Texas inamtaka mgombea wa Baraza la Wawakilishi awe ameishi jimboni miaka 2, na mwaka 1 wa mwisho awe ndani ya wilaya yake. Akihama wilaya baada ya kuchaguliwa, kiti kinakuwa wazi. Lakini kuishi ni nini? Sheria ya uchaguzi inasema makazi ni nyumbani kwa kudumu, pale ambapo mtu ananuia kurudi baada ya kuondoka kwa muda. Mswahili haoni ugumu hapo: mtu amepanga chumba Kariakoo miaka kumi, ukimuuliza anakwambia kwetu Pangani. Kazi ni kuithibitisha nia hiyo. Mimi huangalia bili ya umeme, shule ya watoto, hata kabati ambamo dawa za presha zinakaa.

California ilimwonyesha kila mtu hatari yake. Roderick Wright, seneta katika bunge la jimbo hilo, alijiandikisha kupiga kura kwenye nyumba zake za kupangisha Inglewood, ndani ya wilaya yake. Waendesha mashtaka wakasema anaishi Baldwin Hills, nje ya mpaka. Mwaka 2014 alitiwa hatiani kwa kiapo cha uongo na udanganyifu wa kura, akajiuzulu. Mwaka 2018 Gavana Jerry Brown alimpa msamaha, na mwaka huohuo akasaini sheria inayohesabu anwani ya daftari la wapiga kura kuwa ndiyo makazi ya mbunge. Sheria hiyo naiona imelegea mno. Mpigakura anastahili mwakilishi anayekanyaga mashimo yaleyale ya barabara.

Sasa posho. Mshahara wa mbunge wa Texas ni dola 600 kwa mwezi, tangu 1975. Posho ya kujikimu katika kikao cha 2023 ilikuwa dola 221 kwa siku, wikiendi zikiwamo. Kikao cha kawaida, kila baada ya miaka 2, hakizidi siku 140. Zidisha: dola 30,940, zaidi ya mara nne ya mshahara wa mwaka. Mbunge wa El Paso, anayelazimika kupanga Austin karibu miezi mitano, simwonei kijicho hata kidogo. Ila wa Round Rock, kama kilomita 30 tu, analala kitandani kwake na kupokea 221 ileile. Hilo si haki.

Sheria ya kodi ya shirikisho inawatenganisha. Mbunge ambaye nyumba yake wilayani iko zaidi ya maili 50 (kama kilomita 80) kutoka jengo la bunge anaweza kuchagua nyumba hiyo ihesabiwe makao yake ya kikodi, na posho isitozwe kodi, ndani ya kiwango kilichowekwa. Maili 50 au pungufu, inatozwa. Kwa hiyo anayedanganya anwani wilayani anadanganya na kwenye fomu ya kodi.

Chaguo hilo halijifanyi lenyewe, lazima litajwe kwenye marejesho ya mwaka husika. Njoo na mkataba wa nyumba ya Austin, bili za wilayani, na umbali uliopimwa.