Akses pointi bila kontrola si chuma chakavu

Wengi huamini kwamba Aironet ya zamani ya Cisco, yaani akses pointi (kifaa cha kusambaza Wi-Fi), ikikosa kontrola, kifaa kinachosimamia akses pointi, haina kazi tena. Si kweli, na inauma kuona vifaa vizima vikitupwa. Kinachoifunga ni programu endeshi tu: faili lenye k9w8 katika jina lake hutegemea kontrola, lenye k9w7 hujitegemea.

Ili kuweka k9w7, ipe kompyuta anwani 10.0.0.2, washa seva ya TFTP (programu ya kutuma faili kwenye mtandao), kisha lipe faili la k9w7 jina ambalo akses pointi hulitafuta. Kwa modeli ya 2600 ni ap3g2-k9w7-tar.default. Herufi moja ikikosewa, hakipakui kitu. Bonyeza kitufe cha Mode kwenye akses pointi, iwashe umeme, usiachie mpaka taa iwe nyekundu.

Modeli za 2800 na 3800 hazina k9w7. Hizo hutumia Mobility Express, ambapo kifaa kimoja huwa kontrola ya vingine.