Je, wajua kwa nini kroksi ukizianika juani zinapungua saizi?

Nianze na kosa langu mwenyewe maana bila hilo nisingeandika hii. Mwaka jana mama mdogo wangu, ambae anachoma chapati na kuuza chai asubuhi huku Ngamiani, Tanga, alinunua kroksi za mtumba soko la Mgandini. Nyeusi, nyepesi, jina la kampuni limeshafutika kwenye unyayo siku nyingi. (Nikisema kroksi nina maana vile viatu vya mpira mwepesi vyenye matundu juu na mkanda nyuma, viwe vya kampuni yoyote, wengine wanaviita yeboyebo.) Zilimkaa, ila ya kulia ikawa inamgusa dole gumba, na mtu anaesimama tangu alfajiri mpaka saa nne hawezi kuvumilia hiyo. Akaniuliza, mwanangu nifanyeje? Mimi kwa kujiamini kote nikamwambia mama mdogo hilo dogo, zioshe, ziweke juu ya bati la banda la kuku zipate jua la mchana, kitu kikipata joto si kinatanuka, jioni zitakukaa vizuri.

Jioni kisigino cha mguu wa kulia kilibaki nje, upana wa kidole kizima. Akaniangalia tu, akasema, "Haya. Na wewe ulisoma."

Sasa kosa liko wapi, maana kutanuka kwa joto sikukutunga mimi, tumefundishwa wote. Waya wa umeme unalegea mchana, na bati lenyewe nililoziweka juu yake ukikaa chini yake saa sita unalisikia linalia ta, ta, ta kwa sababu linatanuka na misumari imelishika. Hiyo kweli. Ila kuna kitu sikukifikiria kabisa: kutanuka kwa namna hiyo kunarudi. Bati likipoa usiku linalia tena, safari hii linajirudisha lilipokuwa. Kwa iyo hata kama kroksi zingetanuka kama nilivyotabiri, mama mdogo angelazimika kuzivaa zikiwa bado za moto, maana zikipoa tu zinarudi kwenye saizi ileile iliyokuwa inambana. Yani ushauri wangu ulikuwa mbovu hata kabla kiatu hakijapungua, na mpaka leo hiki ndo kinaniuma zaidi.

Sikukubali haraka lakini. Kwanza nilijitetea kwamba ni miguu imevimba, na si uongo, mtu aliesimama kutwa jioni mguu wake unakuwa mkubwa kidogo kuliko asubuhi. Tukachukua zile kroksi tukazigeuza, unyayo kwa unyayo. Ya kulia ilikuwa fupi kuliko ya kushoto, unaona kwa macho bila rula. Mguu hauwezi kufupisha kiatu kikiwa mkononi. Na ya kushoto ilipona kwa nini? Ilikaa kwenye kivuli cha ndoo. Jua lote lilimpata yule yule aliekuwa anabana.

Utetezi wangu wa pili ukawa ule wa kila mtu: hizi feki, za Mchina, orijino hazifanyi hivo. Nao una robo ya ukweli tu, nitafika.

Historia yake kwa kifupi. Kampuni ya Crocs ilianza 2002 kule Colorado, Marekani, na kiatu chao cha kwanza walikipeleka kwenye maonyesho ya boti Fort Lauderdale, Florida, kwa sababu kilikusudiwa kuvaliwa kwenye boti, hakinywi maji na kinaelea. Povu lenyewe lilitengenezwa na kampuni ya Quebec, Kanada, ambayo waliinunua 2004. Wao wanaliita Croslite, wengine wengi wanatumia EVA, mpira wa povu uleule wa soli za raba na ndala nyingi. Ninayoeleza hapa ni ya EVA.

Nilikata moja kwa kisu, ya mtoto wa jirani iliyokatika mkanda. Ndani ni vitundu vidogo vidogo kama mkate wa kumimina. Tofauti ni kwamba kwenye mkate vitundu vinapitana, ukiuchovya kwenye chai unainywa, wakati huku kila kitundu ni chumba kisicho na mlango wala dirisha na ndani kimefungiwa gesi. Ndo maana kroksi haina haja ya kuanikwa hata kidogo. Maji yapo juu juu tu, unafuta kwa kitambaa basi. Nilimpa mama mdogo dawa ya ugonjwa ambao kiatu hakikuwa nao.

Hivyo vyumba vinaingiaje humo? Kiwandani chembe za EVA zinachanganywa na unga unaotoa gesi ukipata joto, kazi ileile ya hamira, pamoja na kemikali ya kuzifunga nyuzi za plastiki zishikane. Vyote vinapikwa ndani ya kalibu iliyofungwa, joto linafika nyuzi joto 170 na kitu. Gesi inasukuma lakini haina pa kwenda. Halafu kalibu inafunguliwa na kiatu kinaruka nje, na papo hapo kinakuwa kikubwa kuliko kalibu iliyokizaa. Kama hujawahi kuona fikiria andazi, lile linaloingia kwenye mafuta limelala bapa, ghafla linavimba mpaka linajigeuza lenyewe. Kiatu kikiwa bado cha moto kinavalishwa kwenye umbo la mguu, kinapoa humo, saizi inakaa.

Hapo kwenye kupoa ndo siri ilipo. Plastiki ni nyuzi ndefu mno ambazo zikiachwa huru zinapenda kujikunja, kama nywele za kipilipili. Povu lilipovimba kuta za vile vyumba zilivutwa, nyuzi zikanyooka, na kabla hazijajirudi zikapozwa. Sasa mfikirie dada aliepiga nywele kitana cha moto kwa ajili ya harusi. Zimenyooka, zinang'aa, lakini hazijasahau asili yake, akinyeshewa pale nje tu zinapanda juu. Kwenye nywele adui ni maji, kwenye kroksi adui ni joto. Kinachozuia nyuzi za EVA zisijikunje ni sehemu ambazo zimejipanga pamoja zikagandana, kama pini za nywele, na pini hizi zinayeyuka kuanzia kama nyuzi joto 70 mpaka 90, inategemea mchanganyiko, ila kulegea zinaanza mapema. Zikilegea nyuzi zinajikunja, ukuta wa chumba unajivuta, na vyumba vyote vikijivuta pamoja kiatu kizima kinajikunyata. Jioni kikipoa pini zinaganda upya, na saizi mpya ndo hiyo.

Kuna na ile gesi. Ikitoka nyuzi 30 kwenda 65 inataka nafasi zaidi, kama asilimia 11 hivi, kwa iyo mwanzoni kroksi kweli inavimba kidogo, fizikia haikunidanganya, mimi ndo niliishia katikati. Ila ukuta umelegea na gesi iliyosukumwa inapenya taratibu nje, halafu kikipoa iliyobaki haitoshi kukijaza chumba na kinabonyea kama mpira ulioisha upepo. Gesi na nyuzi zinakwenda pamoja, kwa kukiangalia tu kiatu huwezi kusema kipi kilichangia ngapi.

Mtu atasema Tanga haifiki nyuzi 70. Hewa haifiki, Februari inacheza kwenye 32, 33, lakini hiyo ni hewa inayopimwa kivulini. Sisi tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linakaa utosini kabisa, na bati la saa hizo kiganja hukiweki. Kitu cheusi juu ya bati kinapata joto juu na chini. Gari lililofungwa vioo juani nalo ni oveni, na wenye bajaji mnaoacha kroksi mbele ya kioo msije mkalaumu muuzaji.

Lile la feki sasa. Kiwanda makini kinapitisha viatu kwenye oveni ya joto la wastani baada ya kutoka kwenye kalibu, vijikunje vinavyotaka kujikunja humohumo kabla ya kupewa saizi. Aliyeruka hatua hiyo viatu vyake vitapungua zaidi, hiyo ndo robo ya ukweli. Ila hata Crocs wenyewe wanaonya usiache viatu vyao kwenye gari la moto wala jua kali, na hawangeonya kama haviguswi.

Halafu kupungua kwenyewe hakuhitaji kuwe kukubwa. Saizi za Ulaya, zile za 38, 40, 42, kila namba ni theluthi mbili za sentimita, kama milimita 6.7. Namba 42 ni sentimita 28. Kiatu hicho kikipungua asilimia mbili na nusu tu kimeshakuwa 41.

Viatu vya mti vya bibi zetu, mitalawanda ile ya kushika msuruaki kati ya dole gumba na kidole cha pili, navyo havipendi jua, lakini sababu ni nyingine kabisa: mti unapoteza maji, na unapungua upana wakati urefu karibu haubadiliki, maana nyuzi zake zimelala kwa urefu. Ndo maana mtalawanda unapasuka badala ya kufupika.

Ukienda kununua nenda jioni, mguu ukiwa umeshajaa. Simama nazo zote mbili, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi kama sentimita moja, na tembea hatua kadhaa mkanda ukiwa mbele: vidole vikijikunja kuking'ang'ania kiatu, hicho kikubwa, utamaliza siku miguu inauma. Bonyeza kisigino kwa dole gumba. Kikirudi haraka povu bado lina gesi yake, kikibaki na shimo vyumba vimeshabonyea na umenunua ubao. Laini sana nako mimi sikupendi, kwa mtu wa kusimama saa nyingi kinalala mapema, ila hilo ni langu.

Zilizopungua zinarudi? Kidogo. Njia ni kurudia cha kiwandani: tuliilaza ile ya kulia kwenye maji ya moto dakika chache, tukaitoa kwa koleo, tukaijaza matambara mpaka ikafura, tukaimwagia maji baridi ikiwa bado imejazwa, pini zigande nyuzi zikiwa zimevutwa. Ilirudisha kama nusu ya ilichopoteza, ya kushoto haikuifikia. Sasa hivi anazivaa binti yake wa darasa la saba. Mama mdogo amenunua nyingine, za bluu, namba moja juu, akiziosha anazifuta na kuzisukuma chini ya benchi la wateja, mbali na jiko. Kwenye bati siku hizi anaanika dagaa.