Kabla ya Kubonyeza Stone Edge, Angalia Nani Amebaki Nyuma

Vijana ninaocheza nao hapa Kondele, Kisumu, wengi wao kwa simu kwenye Pokémon Showdown, tovuti ya kupambanisha timu za viumbe wa Pokémon, huniuliza swali lile lile mechi ikikaribia kuisha: shambulio gani lina nguvu zaidi? Nami huwauliza: likikosa, utabaki na nini?

Chukua hali hii. Mpinzani amebaki na kiumbe mmoja tu, Volcarona, tena amejeruhiwa. Wewe una Garchomp uwanjani, anayemzidi kasi, na nyuma, akisubiri kuingia, yuko Dragonite mwenye shambulio la Extreme Speed. Stone Edge ya Garchomp ikimpata Volcarona inamuua, maana mashambulio ya mwamba humuumiza mara nne, ila hupata shabaha mara 80 kwa 100. Earthquake, shambulio lingine la Garchomp, haikosi. Shida yake ni kipimo cha madhara: mchezo huchukua nguvu ya kila pigo na kuizidisha kwa asilimia ya nasibu kati ya 85 na 100, hatua 16 zenye nafasi sawa. Tuseme kikokotoo cha madhara kinakuambia hatua 12 zinatosha kuua. Hiyo ni karibu asilimia 75.

Wengi hapo hukimbilia Stone Edge kwa sababu 80 inazidi 75. Ni sawa kabisa ikiwa Garchomp ndiye wa mwisho. Lakini Dragonite yupo! Earthquake ikipungua, Volcarona anabaki na uhai kiduchu. Hata akimwangusha Garchomp, Dragonite anaingia na Extreme Speed, ambayo hutangulia hata kama Volcarona ana kasi zaidi, na kazi inaisha. Stone Edge ikikosa, Volcarona hajaguswa, na Extreme Speed moja haitamtosha. Ukichagua Earthquake unashinda karibu kila mara. Ukichagua Stone Edge unahatarisha mechi moja kati ya tano bila sababu.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni pale hatari inapotoka kwa mtu, si kwa mashine. Una Kingambit, mpinzani ana Dragapult anayekuzidi kasi lakini amebakiwa na uhai mdogo, mwenye Will-O-Wisp, mbinu ya kuunguza tu isiyo shambulio, na Flamethrower, shambulio litakalokuua. Sucker Punch yako hutangulia, lakini hufeli mpinzani asipochagua shambulio. Akipiga Flamethrower, umeshinda. Akirusha Will-O-Wisp, umeungua na nguvu zako za kupiga zimekatwa nusu, ila bado uko hai. Ukibonyeza Iron Head, shambulio lako la kawaida lisilotangulia, naye akapiga Flamethrower, huna zamu nyingine. Ndiyo maana mimi huanza na Sucker Punch.

Lakini usiing'ang'anie Sucker Punch. Una Sucker Punch zisizozidi 8 kwa mechi nzima, na mpinzani mvumilivu ataendelea kubonyeza Will-O-Wisp hata ukiwa umeshaungua, azimalize, huku moto ukila sehemu moja ya 16 ya uhai wako kila zamu. Akishazoea kwamba jibu lako ni lile lile, hiyo zamu anayorusha Will-O-Wisp bure ndiyo ya kumpiga Iron Head.