Video ya kiwanda haitengenezwi na kamera ya bei kubwa

Wengi huamini kwamba ukikodi kamera ya bei kubwa, video ya kiwanda itatoka nzuri. Inaeleweka, maana siku ya kazi kamera ndiyo inayoonekana.

Kazi kubwa, hata hivyo, hutangulia. Chukua kiwanda cha kukamua alizeti hapa Dodoma. Eneo hukaguliwa mashine zikiwa zinaunguruma, kisha maelezo huandikwa. Msimulizi husoma takriban maneno 130 kwa dakika, hivyo video ya dakika 3 haibebi zaidi ya 390, bora yapungue. Orodha ya picha hufuata safari ya mbegu: kupokelewa, kusafishwa, kukamuliwa, mafuta kuchujwa, kufungashwa. Ukisahau hatua moja, mhariri hana cha kuunganishia, na huenda msimu umeshaisha.

Sauti ndiyo huharibu kazi nyingi. Mahojiano yaliyofanywa kando ya mashine ni vigumu mno kuyaokoa. Mhoji mtu ofisini, maikrofoni ikiwa kifuani, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, na mngurumo urekodiwe peke yake.

Halafu taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hufuata mdundo huo. Ukirekodi kwa shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha) ya 1/60 ya sekunde, baadhi ya taa humemeta kwenye picha. Fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 huondoa tatizo hilo.

Pima mwenyewe: chagua video yoyote ya kiwanda, isikilize ukiwa umefumba macho, kisha itazame bila sauti. Jaribu pia simu yako chini ya taa za kiwandani, kwa shata zote mbili.