Je, wajua? Ndege hujuaje kwamba rubani wake amezimia?

Mwaka 2016, katika anga la Arizona, Marekani, mwanafunzi wa urubani alikata kona kali akiwa na ndege ya kivita aina ya F-16. Mwili wake ukaelemewa na uzito wa zaidi ya mara 8 ya kawaida, akazimia. Ndege ikaelekeza pua chini kwa kasi kuliko ya sauti. Mkufunzi, aliyekuwa kwenye ndege nyingine, akamwita redioni mara tatu ainue ndege. Kimya. Mara ikaanza kujiinua yenyewe.

Katika kona kama ile damu hushukia tumboni na miguuni, na moyo hushindwa kuipandisha kichwani, ingawa umbali ni kama sentimita 30 tu. Kwa kawaida macho hutangulia kuonya: rangi hufifia, kisha giza. Lakini uzito ukipanda ghafla, onyo hilo huenda lisije kabisa. Ubongo una akiba ya oksijeni ya sekunde 5 hivi. Ikiisha, mtu huzima kama taa. Huzinduka baada ya sekunde 12 hivi kwa wastani, kisha hubaki ameduwaa kwa muda karibu kama huo. Kwa mwendo wa kilomita 1,000 kwa saa, zile 12 za kwanza pekee ni zaidi ya kilomita 3. Wengi hata hawakumbuki kwamba walizimia.

Watafiti wamejaribu kumpima rubani mwenyewe: oksijeni ya ubongo, kope, kichwa kinavyoinama, mkono unavyoshika usukani. Tabu ni kwamba rubani anayepigana asizimie hukaza misuli yote na kuhema kwa vishindo, na vipimo huvurugika. Kompyuta ikikosea, ikampokonya usukani rubani aliye macho katikati ya mapambano, inaweza kumuua.

Mfumo uliomwokoa yule mwanafunzi, Auto GCAS (wa kuzuia ndege isigonge ardhi), ulioanza kufungwa kwenye F-16 za Marekani mwaka 2014, haumtazami rubani hata kidogo. Unatazama ardhi. Hulinganisha mwelekeo wa ndege na ramani ya milima na mabonde, ukasubiri hadi sekunde za mwisho kabisa, kisha husawazisha mabawa na kuvuta pua juu. Kwangu mimi, hapo ndipo penye busara: kama rubani amezimia au amepotewa tu na mwelekeo, mlima ni uleule.

Mwanafunzi alizinduka ndege ikiwa imeshaanza kuinuka, akamalizia kuivuta mwenyewe.